Sharti la Tisa Halikuandikwa

Walimu wengine, siku ya kwanza ya somo, wanakutisha. Huyu alikuwa anakuonya. Aliingia na karatasi zake zilizopigwa kwa mashine, akavua kofia, na saa nzima ya kwanza, saa nzima jamani, akatusomea mambo yote ambayo yangeweza kutuumiza katika kozi yake. Hatukufungua kitabu. Hatukuandika hata tarehe. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani msaidizi katika duka moja la mjini Élisabethville, wakati wa ukoloni, na sikuwa nimewahi kuona mtu akianza kazi kwa kutangaza ubaya wa kazi hiyo. Mpaka leo sijapoa.

Ilikuwa kozi ya jioni, ya wafanyakazi weusi waliotamani kufika chuo kikuu, wakati neno lenyewe, chuo kikuu, lilikuwa bado jipya mdomoni mwetu. Profesa Mzungu ndiye aliyetunga silabusi, yaani lile daftari nene lililochapwa lenye somo zima la mwaka. Mwalimu, mtu mweusi kama sisi, kazi yake ilikuwa kuturudilia maneno ya Profesa mpaka tuelewe. Jina lake nalijua, sitaliandika. Kule Katuba, mtaa wetu, kila mtu alimwita Mwalimu tu, hata bibi yake wa ndoa.

Profesa alikuwa amemwachia ukurasa wa mbele wa silabusi aweke saa za somo na kanuni mbili tatu. Yeye akaujaza mpaka pembeni. Masharti manane, yakiwa na namba. Kila sharti alilisoma kwa Kifaransa, kisha akaweka karatasi chini na kulirudia kwa Kiswahili chetu, akitutazama mmoja mmoja kama daktari anayetafuta panapouma.

"Mulango nitafunga saa kumi na moja na dakika tano," alisema. "Siko mukali. Lakini tukichelewa kuanza tutachelewa kuisha, na kiisha kengele ya usiku askari banaanza kuomba karatasi mu njia. Miye sitaki muntu alale mu buloko juu ya algebra."

Hilo tulilielewa. Buloko, yaani jela, tulikuwa tunaijua, na nani alikuwa haijui? Lakini lililofuata lilitutoa macho. Alisema hakumaliza seminari. Hakusema aliacha. Alisema, "Balinifukuza. Mukiulizwa nani anabafundisha, museme vile vile." Karani wa posta aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Yaba! Huyu anajiharibia mwenyewe." Mwalimu akasikia, akaendelea tu. Akasema algebra anaijua mpaka ukurasa wa arobaini, na kutoka pale tutatafuta pamoja. Akasema alama atazitoa yeye, lakini Profesa anaweza kuzibadilisha bila kumuuliza, na jambo hilo limekwisha kutokea mara mbili. Mawe wee! Mtu mweusi aliyepewa meza na kiti na Wazungu, halafu anasimama na kutuambia mahali ambapo kiti kimevunjika!

Sharti la kunakili lilikuwa kali kuliko yote. Waliofanana kazi zao, wote wawili sifuri, aliyeiba na aliyeibiwa. Tulipiga kelele kwamba aliyeibiwa hana kosa. Akajibu kwamba yeye hana njia ya kujua nani ni nani, na hataki kujifanya anajua. Mwezi wa pili akampiga sifuri shemeji yake mwenyewe, ndugu wa bibi yake, ambaye alikuwa anakula kwake kila siku. Bibi hakumpikia siku tatu. Mwalimu akawa anakuja kula kwetu, na alipofika mlangoni alimwambia Mama, "Nimekuya kula, Mama. Na nitakula mingi, juu kwangu hakuna moto." Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Akamwekea bukari, ugali wetu, ya watu wawili.

Ndivyo alivyokuwa hata nje ya darasa. Bibi yake mwenyewe alitusimulia siku ya kupeleka mahari: wajomba wa Mwalimu wamemsifu weee, kijana wa Kanisa, kijana wa kalamu, na yeye akaomba neno. Akasimama mbele ya wakwe akasema anakoroma, ana kifua cha kukohoa wakati wa baridi, na alifukuzwa seminari kwa kumjibu padiri. Wajomba walitaka kumtoa nje. Baba mkwe akasema huyu angalau hatatushangaza. Bibi alipokuwa anasimulia alimwonyesha kwa kidole: "Na alisema kweli, ule mukoromo, heee!"

Sasa usifikiri alikuwa malaika. Mbele ya Profesa alikuwa mtu mwingine kabisa, na mimi ile ilikuwa inanichukiza. Mabega yalishuka, sauti ikawa nyembamba. Profesa akiuliza kama tumeelewa, jibu lilikuwa moja, "Oui, monsieur le professeur, tout," ndiyo, yote, na sisi pale nyuma hatukuwa tumeelewa hata nusu. Kwenye orodha ya mahudhurio aliandika "présent", yaani yupo, kwa watu ambao sote tulijua wako kwenye kilio. Mtu ambaye hawezi kuwadanganya wakwe juu ya kukoroma, anamdanganya Mzungu bila kupepesa jicho! Nilimuuliza siku moja tukirudi Katuba, yeye akisukuma baiskeli yake ambayo aliipanda mara chache. Akanijibu kwamba ukweli anawapa watu watakaoumia wasipoupata. Profesa hataumia.

Na mambo hayo ya kilio ndiyo yaliyozaa sharti la nane. Kanuni ya Wazungu ilikuwa inaruhusu kukosa somo baba akifa. Mwaka mmoja kabla yetu, mwanafunzi mmoja alileta habari ya kufiwa na baba mara tatu. Profesa akamwita mwongo na kumfukuza. Kumbe kijana wa watu alikuwa anasema kweli tupu: aliyemzaa, kisha wadogo wawili wa aliyemzaa, na kwetu hao wote ni baba zako, unawalilia vile vile, unanyoa nywele vile vile. Mwalimu hakuweza kumrudisha. Lakini kwenye ukurasa wetu akaandika, kwa Kifaransa cha kisheria kabisa, kwamba mwanafunzi anaweza kuwa na baba zaidi ya mmoja, na kwamba idadi ya vifo vyao haitahesabiwa kuwa udanganyifu.

Aliposoma hilo, darasa lilivunjika mbavu. Mmoja alipiga kelele, "Miye niko nao sita, Mwalimu, nitapumzika mwaka muzima!" Mwingine akauliza kama baba mkwe anaingia. Tuligonga madawati. Mimi nilicheka mpaka tumbo likauma.

Kaka yangu mkubwa, Yaya kwa lugha yetu, alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakucheka. Baba yetu alikuwa amekufa mwaka uliotangulia katika karakana ya vyuma ya Mgiriki mmoja, pipa la mvuke lilipasuka, na Yaya tangu siku ile alikuwa amekauka. Mimi pia nilikuwa mtoto wa yule yule marehemu, na nilicheka. Nalisema wazi kwa sababu ndani ya kicheko kile Mwalimu aliendelea kusema. Karatasi ilikuwa imekwisha, masharti manane yamekwisha, na yeye akasema jambo moja zaidi kwa Kiswahili peke yake, akiwa amesimama karibu na mlango. Niliona midomo yake ikitembea. Sikusikiliza.

Miezi ilipita. Profesa akatupa insha: mtu ninayemheshimu. Wengine sote tuliandika juu ya mapadri na wakubwa wa kazi. Yaya aliandika katika daftari lake siku nyingi, jioni, akilifunika kwa mkono nilipopita. Madaftari yakakusanywa. Wiki mbili baadaye, asubuhi ya Jumanne, Yaya akipaka viatu rangi mlangoni, walikuja askari wawili na Mzungu wa kaptura kutoka ofisi ya serikali. Mzungu alikuwa na daftari la Yaya mkononi. Nililitambua kwa ule wino uliomwagika kwenye jalada. Walimpa nafasi avae kiatu cha pili, wakaondoka naye. Mama alikimbia nyuma yao bila kilemba mpaka barabara kubwa, akilia jina lake.

Daftari! Lile tulilompa Mwalimu kwa mkono! Jioni ile nilikwenda darasani na ukurasa wa mbele wa silabusi, nikasimama kabla hajafunga mlango.

"Mwalimu, daftari ya Yaya ilifikaje ku ofisi?"

"Niliipeleka," akasema. "Napeleka zote. Kila mwezi ofisi inazisoma kwanza, ndipo zinarudi. Nilibaambia siku ya kwanza."

Nilimsomea masharti yake kwa sauti, moja mpaka nane, mbele ya watu. Nilifika mwisho nikageuza karatasi: nyuma palikuwa peupe. "Iko wapi? Weye muntu wa kuandika kila kitu, iko wapi ile?"

"Ile singeweza kuandika. Balinikataza kubaambia. Nilisema na kinywa, kiisha ya nane." Akatazama chini. "Mulikuwa munacheka."

Karani wa posta akainua kichwa polepole akasema, "Ni kweli. Nilisikia nusu, nikafikiri ni mchezo." Nilimwambia Mwalimu neno ambalo mtu hamwambii mtu aliyekula sahani moja na mama yake. Nilimwita mbwa wa Wazungu. Nikachana ukurasa wake, nikatoka, na nusu ya darasa ikatoka nami.

Mwezi ule ule kozi ilibaki na watu wanne, kisha ikafungwa. Katuba ilimgeukia. Wanawake kwenye bomba la maji walinyamaza bibi yake alipofika na ndoo. Mama, ambaye alikuwa amemlisha, alivuka barabara akimwona, na mara moja alitema mate chini wazi wazi. Yaya alikuwa amepelekwa mbali, kule serikali ilikokuwa inawatupa watu wenye maneno, na barua zake zilifika zimefutwafutwa mpaka hazina maana. Mwalimu akauza vitabu, akahama na bibi yake kwenda Lukafu kulima. Sisi tukasema, aende.

Miaka miwili baadaye ilifika barua fupi ya padiri wa kule alikotupwa Yaya. Homa. Amezikwa vizuri, kwa sala. Basi, hayo tu. Mama alikaa chini siku tisa. Siku ya kumi akaniita, macho makavu kabisa, akaniambia, "Enda Lukafu. Umuambie mu uso wake: weye njo ulimaliza mwana wangu. Usiongeze neno. Kiisha urudie."

Nilipanda lori la mfanyabiashara wa unga. Njia nzima nilikuwa najizoeza lile neno. Nilimkuta shambani, katikati ya mihogo, amekonda, miguu mitupu, kofia ya majani kichwani. Alinitambua kabla sijafika. Alisimama akanyoosha mkono anisalimie, na mimi nikauacha mkono wake hewani.

"Yaya alikufwa," nikasema. "Mama anasema weye njo ulimumaliza."

Alikaa palepale kwenye tuta, jembe likaanguka pembeni. "Lini?"

"Mwezi ulioisha. Homa."

Alisaga udongo kwa vidole. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Umesema ulichotumwa. Sasa rudia kwa Mama, usimuache peke yake."

Ningeondoka. Niliapa ningeondoka. Lakini ile adabu yake ilinichoma. "Ni ile tu?" nikapiga kelele. "Uko unalima mihogo, ndugu yangu eko mu udongo, na weye hauna kitu cha kusema? Weye, uliyesema mpaka mambo ya kukoroma mbele ya wakwe?"

"Iko kitu," akasema. "Nilimuahidi Yaya yako nitanyamaza. Sasa amekufwa, na sijui kama ahadi imekwisha."

"Ahadi gani?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Siku ya Mungu, kiisha misa, mbele sijapeleka zile daftari, alikuya kwangu na yake. Nilisoma nikaogopa. Nikamupa daftari mupya. Nikamuambia, andika juu ya padiri, andika juu ya muntu yeyote, hii itakuua. Nilibaambia ninyi bote kama zinaenda kule. Akanijibu, 'Nilisikia, Mwalimu. Miye sikucheka. Njo sababu niliandika.'"

Nikamwambia arudie. Akarudia, neno lile lile.

"Alikuwa amekwisha kuandika barua tatu ku karakana na mbili ku ofisi," Mwalimu akaendelea. "Hakuna aliyejibu. Aliniambia, 'Barua ya muntu mweusi habafungui. Lakini daftari yenye banatafutamo kosa, ile batasoma kila neno. Peleka, Mwalimu.' Nilikatala. Akasema nisipopeleka ataenda kuisoma kwa nguvu mbele ya mulango wa karakana, na pale batamupiga risasi."

"Aliandika nini?"

"Baba yenu hakukunywa. Siku ile, na siku zote. Na jina la yule aliyemutuma kukaza lile pipa, akiyua limechoka."

Nilikaa chini mimi pia. Lazima nieleze. Pipa lilipopasuka, siku ya tatu ya kilio, msimamizi wa karakana alikuja nyumbani na karatasi. Alimwambia Mama aweke kidole gumba chenye wino, ni ya sanduku la maiti. Mama hakujua kusoma, aliweka. Karatasi ilikuwa inasema mfanyakazi alikuwa amelewa, amejiua kwa uzembe wake. Baba yetu, mtu wa misa ya alfajiri, ambaye hata munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, ukikaa siku mbili ukachacha alikuwa haugusi! Kuanzia hapo Katuba yote ilisema marehemu alikuwa mlevi, na mwenye kidole kwenye karatasi alikuwa Mama. Nyumbani kwetu jambo lile halikutajwa hata siku moja. Yaya ndiye aliyetusomea nakala, mara moja tu, na Mama akatoka nje.

"Juu ya nini haukusema?" nikamuuliza Mwalimu. "Miaka miwili! Bantu banakutemea mate!"

"Alisema Mama asiyue kama alijipeleka mwenyewe. Alisema, 'Atanililia na atanikasirikia, yote mbili itamuua. Afazali akuchukie weye, kama haiko mubaya.'"

"Na weye ulijibu nini?"

"Nilisema haiko mubaya." Akavua kofia, akajifunika nayo uso, na mabega yake, yale niliyoyadharau mbele ya Profesa, yakaanza kutikisika. "Iko mubaya, mwana wangu. Iko mubaya sana."

Nilimshika mkono ambao nilikuwa nimeuacha. Tulikaa pale mpaka bibi yake akaja kutuita kula.

Kwenye lori la kurudi niliamua kunyamaza. Niliona kabisa: Mama anasimama kwa sababu ya ile chuki, ukiiondoa ataanguka. Kama Mwalimu aliweza kubeba, na mimi nitabeba. Nilifika Katuba na uamuzi wangu. Mama alikuwa barazani na ungo wa maharagi magotini, anatoa mawe.

"Ulimuambia?"

"Nilimuambia, Mama."

"Alijibu nini?"

Nilifungua mdomo niseme hakujibu kitu, na vyote vikatoka. Vyote, mpaka ile siku ya Mungu, mpaka daftari jipya alilolikataa, mpaka zile barua zisizofunguliwa. Nilikuwa nalia kama mtoto na siwezi kujizuia. Nilingoja apige yowe. Nilikuwa tayari kumshika asijirushe chini.

Mikono yake ilisimama juu ya maharagi. Alinitazama kwa mshangao, kama mimi ndiye ninayemficha kitu.

"Kwa hiyo ile daftari ilifika ku ofisi?"

"Ilifika, Mama."

"Na Bazungu benyewe baliisoma? Yote?"

"Yote. Njo sababu balikuya kumukamata."

"Na pale aliandika: baba yenu hakukunywa. Ile pia balisoma?"

"Ile pia, Mama."

Alitazama kidole gumba chake, akakipangusa kwenye kitenge, akakipangusa tena.

"Basi banayua ile kweli," akasema Mama. "Banayua."